Dead Cells inanikosesha usingizi

Aisee wana, hii gemu itaniua. Saa nane usiku nipo hapa Ngamiani, joto la Tanga mnalijua, feni inapuliza upepo wa moto tu, na bado nahangaika na yule bosi wa kwanza, Concierge, jitu linaruka juu halafu linatua kichwani kwako.

Waliotengeneza ni Wafaransa wa Bordeaux, ilitoka rasmi 2018, Android ikaja 2020. Utamu wake ni ule mwendo bwana, unabiringika unapita chini ya upanga, unageuka unamchoma mgongoni, na ramani kila ukianza imebadilika so hukariri kitu.

Ila ukifa umekufa kweli. Silaha kwaheri, na zile seli ulizookota kwa maadui (ndo kama pesa ya kufungulia silaha na nguvu mpya) kama hujazifikisha kwa mkusanyaji, yule jamaa anayezipokea kati ya hatua, ndo basi tena, unarudi gerezani mwanzo kabisa. Jana nina upinde wa barafu mtamu, bosi kabakiza damu kiduchu, mama akaita "we, geti umefunga?" nikageuza shingo kidogo tu, kwisha habari yangu. Sikumjibu mpaka asubuhi, adabu mbovu najua.

Kwenye simu ndo balaa, dole gumba likiwa na jasho linateleza kwenye skrini, unataka kuruka unajikuta umekunywa dawa bila kutaka, chupa imeenda bure. Stori nayo ya kuokoteza vipande vipande, mi nimeacha kufuatilia.

Chaji 9% naianza tena, nani ana chaja ya Type-C jirani na barabara ya nane?