Kupanga tasnifu ya Kiswahili kwa LaTeX

Tasnifu yangu ya uzamili nimeipanga kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi kwa amri aliyoiunda Leslie Lamport miaka ya 1980 juu ya msingi wa TeX, programu ya awali ya kupanga chapa ya Donald Knuth, na sijutii, kwa kuwa yaliyomo, namba za majedwali na marejeleo vyote hujirekebisha vyenyewe faili inapochakatwa upya. Kero ni kwamba, usipoitajia lugha, hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, bila kujali silabi zetu. Maneno sumbufu mimi huyaorodhesha ndani ya amri ya \hyphenation, kwa mfano wa-na-fu-nzi, kisha hubadili \chaptername, yaani neno linalotangulia namba ya kila sura, liwe “Sura”. Pambizo la upande wa kujalidi huliacha pana kwa kifurushi cha geometry, nyongeza ya kupangia pambizo. Wakaguzi wengine, kusema kweli, hulipima kwa rula kabla hawajasoma hata ikisiri.