Hema la chai na ibada kambini: jinsi ninavyoliendesha

Kambi ya kupinga mgodi, bomba la mafuta au ukataji wa msitu hukusanya waumini, wasioamini, na wengine ambao kanisa liliwaumiza. Kwa hiyo kabla sijakita hata kigingi kimoja, napeleka ombi kwenye mkutano mkuu wa kambi. Nataja tutakachotoa: chai, viti, kivuli na ibada fupi mara mbili kwa siku. Nataja pia tusichotoa, yaani mahubiri yasiyoombwa. Karibu kila mara hofu ya wanakambi ni ileile, kwamba chai ni chambo. Jibu ni zamu zenyewe: anayemimina chai haanzi mazungumzo ya imani. Akiulizwa, anajibu kwa ufupi na kuendelea kumimina.

Hema naliweka kando ya njia inayopitiwa na wengi, lakini mbali na lango, maana purukushani zikizuka ndipo huanzia. Upande wa mbele unabaki wazi, wa nyuma natenganisha kwa pazia kwa ajili ya sala. Msalaba mkubwa mlangoni huwazuia wengi kuingia, na ukifichwa kabisa, walioingia huona wamelaghaiwa. Mimi natundika kibao kimoja tu: "Hema la Wakristo. Chai ni bure. Sala saa moja asubuhi na saa tatu usiku."

Hesabu ya chai ni rahisi. Lita moja hutoa vikombe 5 vya mililita 200, kwa hiyo watu 100 wanahitaji lita 20 kwa mzunguko mmoja, na majani makavu gramu 160 hadi 200. Wengi hukosea kwenye muda: lita 20 za maji baridi juu ya jiko kubwa la gesi huchukua nusu saa au zaidi kuchemka, na upepo ukipiga moto, huchukua muda mrefu zaidi. Kama sala ni saa moja, jiko liwashwe saa kumi na mbili. Kwenye baridi kali angalia gesi yenyewe. Butani haigeuki mvuke vizuri joto linapokaribia nyuzi 0, mtungi unabaki umejaa na moto unakufa. Propani hufanya kazi hata chini sana ya hapo. Mtungi usimame wima, nje ya hema. Makaa hayaingii hemani kabisa, hata yakionekana yamefifia, kwa sababu hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala.

Maziwa na sukari viwekwe kando, kila mtu ajitilie. Kambini wapo wengi wasiotumia chochote kitokanacho na mnyama, na chai iliyokwisha changanywa maziwa huwafungia nje. Kila sufuria na kila kopo lina karatasi yenye orodha ya viambato.

Tukiombwa kupika, maharage mekundu ndiyo hunitia wasiwasi kuliko yote. Yana sumu ya asili inayotapisha, na kuyapika polepole kwenye kikapu cha kutunza joto hakuiondoi. Loweka angalau saa 5 (mimi huyaacha usiku kucha), mwaga maji hayo, chemsha kwa moto mkali si chini ya dakika 10, kisha ndipo uyahamishie kwenye kikapu. Wali uliopoa polepole tangu mchana hauliwi jioni, hata ukipashwa: bakteria wake huacha sumu isiyoharibiwa na moto.

Kunawa mikono kuwe kabla ya foleni ya chai, si baada yake. Dumu lenye bomba, sabuni, na ndoo ya kupokea maji chini. Maji ya vyombo nayachuja kwanza kwa kitambaa, mabaki yanaenda kwenye mboji, kisha maji yanamwagwa kwenye shimo lenye kokoto, mbali na mto. Itakuwa aibu kuimba Zaburi ya 104, inayomsifu Mungu kwa uumbaji wake, huku mafuta ya sufuria yakielea kijitoni.

Ibada ya asubuhi ni dakika 15, na inaisha kabla ya mkutano wa kambi. Zaburi moja, somo moja, kimya cha dakika 3, maombi, Baba Yetu. Hakuna kipaza sauti, kwa kuwa waliokesha kwenye lindo wamelala hema la jirani. Nyimbo nachagua zenye kiitikio kifupi ambacho mgeni anakishika mara ya pili. Vitabu vya nyimbo sivitegemei, maana hulowa umande na kuchanika. Mishumaa inakaa ndani ya chupa za kioo zenye mchanga chini, na ndoo ya maji iko hatua mbili tu kutoka hapo.

Ushirika Mtakatifu huleta maswali mengi kuliko chai. Makanisa hayakubaliani nani aongoze na nani apokee, na kambi si mahali pa kumaliza mzozo huo. Nikiwa na padri au mchungaji, taratibu za kanisa lake hutangazwa kabla, si mtu akiwa tayari amenyoosha mkono. Asipokuwepo, tunafanya mlo wa agape: mkate unamegwa, sala inasomwa, kila mtu anakula, na hakuna anayedai kuwa ni sakramenti. Mkate usio na gluteni (protini ya ngano inayowadhuru baadhi ya watu) unakaa sahani yake na kisu chake. Palipo na anayepambana na ulevi, juisi ya zabibu iwepo bila yeye kulazimika kuomba.

Kuhusu kuwapa polisi chai, kambi hugawanyika. Maoni yangu ni kwamba mwenye kiu apewe, lakini kikombe kipelekwe nje ya lango na watu wawili, wasikae kupiga soga, maana kwa maswali ya kirafiki polisi hukusanya majina ya wanakambi. Ndani ya hema letu hakuna kupiga picha, hata wakati wa ibada.

Siku ya kuvunja kambi, viti na pazia hutangulia. Jiko linabaki hadi mwisho, kwa sababu wanaong'oa vigingi nao wanahitaji lita 20 zao.