Sendi mahali mama, napunga upepo tu

Kila nikichukua funguo za gari usiku, mamangu huuliza swali lile lile, "Wenda wapi sa hizi?" na mimi jibu langu ni moja, sendi mahali mama, napunga upepo tu. Basi hapo hapo atasema, "Madhali watoka, nipitie sokoni Kongowea uniletee nazi mbili."

Na mimi nazi sikatai, nazi nitamletea hata kumi kesho asubuhi, lakini nishatumwa nazi hapo matembezi yamekwisha, manake sa hizi nna mahali natakikana kufika, naanza kuangalia saa, naanza kuchagua njia ya mkato, nikikuta foleni pale Buxton roho yanipanda. Ndo maana nna sharti langu moja tu la kutembea na gari, nisibebe haja ya mtu yeyote, wala yangu mwenyewe. Hata maziwa sinunui.

Niwaeleze kazi yangu mtaelewa. Nashughulika na kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, simu huanza kulia saa mbili asubuhi, kontena iko wapi, karatasi zimefika wapi, gari latoka lini, dereva asema yuko Mariakani mbona hajafika. Yaani mchana kutwa kila kitu ninachokishika kina mahali pa kufika na kina mtu anayekingoja. Jioni nikikaa nyumbani bado kichwa chaendelea kupanga magari. Lakini nikiwasha kigari changu, Vitz ya zamani, nikashusha vioo vyote vinne (AC siwashi, nataka upepo wenyewe), nikafika raundabauti ya Makupa bila kujua nitakata wapi, hapo ndo nahisi mabega yanashuka.

Na Mombasa imeumbwa kwa jambo hili jamani. Kisiwa hupotei. Fuata barabara yoyote ile mwisho utakutana na maji au daraja, basi wageuza tu. Saa ingine nashuka na Digo Road, napita Makadara, nazunguka upande wa Fort Jesus polepole kwa sababu zile njia za Mji wa Kale ni nyembamba na watu wamekaa barazani na kahawa yao, huwezi kukimbiza gari mbele ya watu waliokaa. Halafu Mama Ngina, kwenye mibuyu, nasimama kidogo kama kuna meli yaingia Kilindini. Ile ukiiona usiku ni kama mtaa mzima wenye taa zake umeamua kuhama, yapita karibu hivi, kimya, wewe uko ndani ya gari na kipande cha muhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili mkononi. (Muhogo sihesabu kuwa ni haja, umenikuta njiani.) Narudi na Moi Avenue chini ya yale mapembe makubwa ya ndovu yaliyopindwa juu ya barabara, Mwembe Tayari, Makupa tena. Nyali sipendi kwenda wikendi, magari mengi sana, wapumua moshi wa watu.

Mafuta ndo maneno. Kila tarehe 14 ya mwezi natega sikio bei mpya zikitangazwa kama vile mtu anayengoja matokeo ya mtihani, na mwaka 2023 petroli ilipovuka shilingi 200 lita, nilipunguza kutoka mara tatu kwa wiki ikawa mara moja. Lakini sikuacha. Kuna wenzangu pesa kama hiyo wanaimaliza kwenye miraa na soda kwa usiku mmoja na hakuna anayewauliza wamefika wapi.

Sasa mwezi uliopita stima zikapotea mtaa mzima, joto lile mwalijua, feni imesimama, ukuta wenyewe unatoa jasho. Mamangu amekaa mlangoni na kipepeo chake. Nikamwambia mama vaa buibui twende. "Wapi?" Nikamwambia popote. Akanitazama sana, lakini joto likamshinda, akaja.

Mara hii nikatoka nje ya kisiwa. Tukavuka daraja la Makupa, nikamuonyesha maji yanavyopita chini tangu lilipofunguliwa 2022, yeye amekua akijua pale ni tuta tu la udongo na mawe, maji ya huku na ya kule hayaonani. Kibarani akafunga pua kwa mazoea kisha akaifungua, lile jaa la taka halipo tena. Changamwe, Jomvu, matrela yamejipanga, Miritini, nikashika ile njia ya Dongo Kundu. Giza, mikoko huku na huku, upepo wa bahari waingia dirisha hili watokea lile. Kwenye daraja la Mteza, ambalo lapita kilomita moja, akaniambia nipunguze mwendo. Hakusema kitu kingine mpaka tukamaliza daraja. Tulipotokea barabara kuu nikakata kushoto, haikuchukua muda akaanza kuona maduka ya Likoni, akashtuka kweli kweli. "Likoni hii? Na feri hatukupanda?" Maisha yake yote mamangu, Likoni huendi ila uvuke maji kwanza. Akairudia tena na tena, Likoni na feri hatukupanda.

Feri tukaipanda kurudi, sasa duara limefunga. Kwenye foleni akapita muuza kahawa akiviliza vikombe vyake, mama akanywa viwili. Tulipoingia ndani nikavuta handibreki mpaka mwisho na mguu pia nikaukaza kwenye breki, tangu ile ajali ya 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri likazama, sijawahi kukaa kwenye feri vinginevyo na sidhani kama kuna dereva wa Mombasa anayekaa vinginevyo, na mama naye nikamsikia midomo yatembea anasoma dua yake mpaka tukagusa ng'ambo.

Tulipopanda upande wa kisiwani nikampigia simu kaka, akasema stima zimerudi. Nikamwambia mama, zimerudi. Akaitikia tu. Tukaja mpaka raundabauti ya Makupa, kushoto ni Changamwe tena, njia ya nyumbani ni mbele, nikamuuliza mama nishike ipi.

"Wewe enda tu," akasema, na kioo akakishusha mpaka chini.