Mlima umemfundisha mdogo wangu kemia

Jana jioni hapa Moshi mdogo wangu wa kidato cha tatu alikaribia kulia. Msawazo wa kemikali, yaani badiliko linalokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi sawa, haumwingii kabisa. Nikafunga daftari, nikamtoa uani. Mlima Kilimanjaro ulikuwa wazi, mweupe kileleni. Kwa nini watu wanahema kule juu? Oksijeni na himoglobini, protini ya damu inayoibeba, hushikana na kuachana muda wote. Pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, kanieneo (mgandamizo) ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, oksijeni haba, basi msawazo unaegemea upande wa kuachana.

Akanyamaza, kisha: "Kwa hiyo dada, mwili ukiongeza himoglobini, unarudi kwenye kushikana?"

Jamani! Ndiyo kanuni ya Mfaransa Le Chatelier, ya mwaka 1884: ukiuvuruga msawazo, unaegemea upande wa kupunguza vurugu hiyo. Nilimkumbatia palepale.