Ndoo Yake na Ndoo za Wenzake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Ndugu zangu, kaskazi imeshika. Usiku jasho halikauki, feni imesimama, na bomba ukilifungua linatoa upepo mtupu. Wiki kama hizi mawaidha mengi tunayoyasikia ni ya subira. Ni maneno ya haki, na Qur'ani imewasifu wenye kusubiri mahali pengi. Lakini tumtazame na huyo anayehubiriwa. Mara nyingi ni yule asiye na kitu, na anayemhubiria ana tangi juu ya dari na jenereta uani. Ukirudi kwenye Kitabu na Sunna utakuta kwamba katika jambo la maji, onyo kali limemwelekea aliyebakiwa nayo.

Amepokea Abu Huraira, radhi za Allah ziwe juu yake, na hadithi imo katika Bukhari, kwamba miongoni mwa watu ambao Allah hatawatazama Siku ya Kiyama ni mtu aliyezuia maji yaliyomzidi. Ataambiwa kwamba leo na yeye atazuiliwa fadhila za Mola wake, kama alivyozuia ziada ya kitu ambacho hakikufanywa na mikono yake. Tutafakari hilo la mwisho. Kisima umechimba wewe, pampu umenunua wewe, bili unalipa wewe. Maji yenyewe hukuyaumba.

Na katika Suratul Maun wametajwa wanaosali, kisha wakakemewa, kwa sababu wanajionyesha na wanazuia vitu vidogo vya kusaidiana. Ibn Mas'ud alieleza kuwa zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, wao Masahaba walikuwa wakihesabu kusaidiana huko kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Hapo haikutajwa mali ya kutolewa zaka. Ni ndoo na chungu, vitu vilivyomo katika kila nyumba, na sala ya mtu imewekwa mizanini pamoja navyo.

Watu wa Unguja wenye umri wanakumbuka Disemba 2009. Waya unaopita chini ya bahari kutoka bara uliharibika, na kisiwa kikakaa bila umeme wa gridi mpaka Machi 2010. Karibu miezi mitatu, na yote katika joto la kaskazi. Maji ya kisiwa chetu yanavutwa kutoka ardhini kwa pampu, kwa hiyo umeme ulipokwenda na maji yalikwenda. Katika majumba ya Michenzani dumu lilipandishwa ngazi kwa mkono, ghorofa baada ya ghorofa, na mzee asiyekuwa na kijana ndani ya nyumba alimtegemea jirani. Wapo waliofungua milango ya visima vyao, watu wakateka mpaka usiku. Wapo waliouza dumu kwa bei waliyoitaka. Waya ulitengenezwa, na baadaye, mwaka 2013, ukazinduliwa mwingine mkubwa zaidi. Zile hesabu za milango iliyofunguliwa na iliyofungwa, naamini, bado zimeandikwa.

Mtume alipofika Madina, maji matamu yalikuwa ya Kisima cha Ruma, na watu wakiyapata kwa kununua. Akauliza nani atakinunua, ndoo yake iwe pamoja na ndoo za Waislamu, apate kilicho bora zaidi Peponi. Sayyidna Uthman bin Affan akakinunua kwa mali yake. Sharti lile nalipenda sana. Mnunuzi hakupewa zamu ya kwanza wala siku yake peke yake. Anapanga foleni na wenzake, ndoo yake haina cheo. Na miaka mingi baadaye, mwaka 35 Hijria, Uthman, akiwa khalifa, alipozingirwa ndani ya nyumba yake, aliwakumbusha waliomzingira kuhusu kisima hicho, kwa sababu walimzuia yeye mwenyewe asinywe maji yake. Hakusema kwamba alijuta kukitoa.

Kwa hiyo mwenye ziada wiki hii asingoje kugongewa mlango. Wengi wetu tumelelewa kuona haya kuomba, na aibu hiyo inawatesa zaidi wajane na wazee. Umeme wako wa jenereta unaweza kuweka baridi insulini ya mgonjwa wa sukari wa nyumba ya tatu, ambayo katika joto hili huharibika. Unaweza kuchaji simu ya mama ambaye mwanawe yuko Muscat na hajamsikia tangu juzi. Mafuta unayachoma vyovyote vile. Jenereta yenyewe, tafadhali, ikae nje kabisa, mbali na madirisha. Moshi wake unaua watu waliolala bila wao kusikia harufu.

Asiye na ziada naye ana lake la kufanya. Amepokea Jabir kwamba Mtume alituamrisha usiku tufunike vyombo, tufunge viriba, tufunge milango na tuzime taa, kwani panya huweza kuburura utambi akawachoma wenye nyumba. Nani atasema maneno haya yamepitwa na wakati? Mapipa tunayoyajaza siku ya mgao na kuyaacha wazi ndiyo yanayozaa mbu, na kipindupindu kimeshatuingilia mara nyingi kwa maji machafu. Vibatari na mishumaa imeshaunguza watoto. Funika pipa, tumia kata yenye mpini ili mkono usiguse maji, zima moto kabla ya kulala, na utie nia ya kufuata Sunna.

Katika udhu, Anas amesimulia kuwa Mtume alitawadha kwa mudi moja. Hicho ni kibaba kimoja, hata lita moja haifiki. Bomba likiwa wazi wakati unasugua miguu, umeshamwaga vibaba vya watu kadhaa. Dini hii inalijua joto pia: joto likizidi, Mtume ameruhusu adhuhuri icheleweshwe mpaka lipoe kidogo. Maimamu wasione uzito kuitumia ruhusa hiyo pale feni zinaposimama na safu zimejaa wazee.

Wanaosimamia maji na umeme wa watu wameshika amana, na kuwauliza kwa adabu ratiba ya mgao, na kwa nini mtaa mmoja unakosa kila mara, hakuvunji subira hata kidogo.

Ombi langu ni kwa kamati za misikiti. Miaka hii Ramadhani inaingia Februari na Machi, ndani ya joto. Misikiti yetu mingi ina kisima na tangi. Wekeni bomba upande wa nje, lifunguliwe baada ya alfajiri na baada ya alasiri, awepo kijana wa kusimamia foleni, na wanaoishi peke yao wapelekewe dumu mlangoni. Mwenye uwezo wa kuchangia mafuta ya pampu amwone mweka hazina Ijumaa hii baada ya sala.