Usiku mmoja ndani ya Gereza la Kilwa Kisiwani: maji, taa na mahali pa kulala

Gereza, ngome ya kale iliyobaki gofu, ni jengo la kwanza kumkabili anayeshuka mashua Kilwa Kisiwani akitokea Kilwa Masoko. Wageni wengi hulipitia juujuu, wakiharakia magofu ya Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa, kisha hao wanarudi mashuani. Wakati huo jua liko utosini, kuta zinaonekana bapa na za rangi moja, na mtu anaondoka akidhani ameliona. Mimi nilitaka mambo mawili ambayo mchana hauwezi kuyatoa pamoja: kuangaza ukuta kutoka ubavuni gizani, na kuona maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, yakipwa na kujaa chini ya ukuta huohuo. Kwa hiyo ilibidi kulala.

Kibali kwanza. Ruhusa ya kawaida ni ya kuingia na kutoka mchana, basi niliandika barua kwa ofisi inayosimamia magofu, nikataja tarehe, idadi ya watu (watatu), vifaa vyote, na ahadi kwamba hakuna moto utakaowashwa wala msumari utakaopigwa. Tulikwenda na mwongozaji wa kisiwani. Hata kama ofisi isingedai, ningemchukua, maana yeye ndiye anayejua kisima kipi kimefunikwa na kipi kimejificha majanini. Serikali ya kijiji nayo ipewe taarifa mapema. Tochi zinazozunguka ufukweni usiku wa manane huwatia watu wasiwasi, na Kisiwani si gofu tupu, ni kijiji cha watu.

Tarehe huchaguliwa kwa mwezi. Pwani yetu hii, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, jioni na alfajiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Zote mbili ni bamvua, lakini nilichagua mwezi mwandamo kwa sababu mbalamwezi huharibu kazi ya taa. Mwezi wa Oktoba unafaa: bamvua bado ni kubwa, kusi imelegea, na mvua hazijashika.

Ukishachagua hivyo ratiba inajipanga. Unavuka saa kumi jioni maji yakiwa juu, mashua inakushusha karibu kabisa. Saa nne usiku maji yametoka, unashuka ufukweni kuukagua msingi. Saa kumi na kitu alfajiri yamerudi. Saa kumi na mbili na nusu unaondoka. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kungoja chai hadi saa tatu au saa nne asubuhi. Mashua inakuwa imekaa mchangani, na wewe unatembea na kamera mkononi juu ya mwani unaoteleza na mawe yanayokata. Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani ni kama kilomita mbili tu, lakini nahodha hawezi kubishana na maji.

Tulibeba maji ya kunywa lita 4 kwa kila mtu, chakula kilichokwisha kupikwa, tochi ya kichwani kwa kila mmoja, tochi mbili za mkono zenye nguvu (mwanga wa lumeni 1,000 unatosha), betri za akiba mara mbili ya tulizodhani zingehitajika, kofia ngumu za ujenzi, viatu vya kufunika kifundo, glavu za ngozi, rula ya sentimita 30, stendi ya kamera na vyandarua. Kilwa ina malaria, na mbu wanaoieneza huuma zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri, yaani saa zilezile utakapokuwa umechoka na kujisahau.

Chandarua ndicho kilichotaka akili zaidi, kwa sababu huruhusiwi kufunga chochote ukutani. Tulichukua ndoo mbili, tukazijaza mchanga, tukasimika mti mmoja katika kila ndoo na kukaza kamba katikati. Pindo la chandarua lazima likandamizwe chini ya mkeka pande zote, kwa ajili ya mbu na pia kwa ajili ya nge na tandu wanaotoka kwenye vifusi usiku. Viatu vinalala ndani ya chandarua pamoja nawe.

Mahali pa kulala pachaguliwe kungali mwanga. Kanuni niliyoifuata ni umbali usiopungua kimo cha ukuta ulio karibu. Usiku unyevu unapanda, popo wanaingia na kutoka, na jiwe lililolegea halitoi hodi. Kivuli cha mnara kinavutia kwa sababu kinakinga upepo, lakini ndipo mahali pabaya kuliko pote. Kungali mwanga vilevile, kagua matundu ya boriti yaliyobaki ukutani baada ya dari kuanguka. Nyuki hupenda matundu ya namna hiyo. Ukiona hata wachache wanaingia na kutoka, upande huo uache kabisa, kwa sababu tochi kali na kelele usiku zinaweza kuwatoa wote.

Jengo lenyewe lina tabaka zake. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida walijenga ngome hapa, wakaiita Santiago, na mwaka 1512 wakaihama. Gereza la leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa mwaka 1800 hivi, likisimama juu ya mabaki ya ngome ile: jengo la pembe nne lenye minara miwili ya duara kwenye pembe zinazokabiliana. Hata neno lenyewe ni la Wareno, limetokana na igreja, kanisa, na maana ya mahali pa kufungia watu ilikuja baadaye.

Sasa taa. Weka kamera kwenye stendi, itazame ukuta moja kwa moja kutoka mita 4 au 5. Mwenye tochi asisimame karibu na kamera. Akae pembeni, mita 3 hivi kutoka sehemu inayopigwa, na ailaze tochi hadi mwanga ukaribie kuambaa na ukuta. Kwenye kamera weka ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 200, tundu la lenzi f/8, na lenzi ibaki wazi sekunde 15 hadi 20. Piga picha ya kwanza taa ikitoka kushoto, ya pili ikitoka kulia, ya tatu ikitoka juu ikiwa mkono unafika, bila kuisogeza kamera hata kidogo. Rula iwemo kwenye kila picha. Usichore ukutani kwa chaki wala penseli.

Mwanga ukilala hivyo, ukuta unaanza kusema. Palipokuwa bapa mchana panatokea mikwaruzo ya mwiko, mstari ambapo lipu ya siku moja imekutana na ya siku nyingine, na mlango uliozibwa kwa mawe madogo kuliko ya pembeni yake. Sogea hadi kiganja kimoja kutoka ukutani. Utaona jiwe la tumbawe na mistari yake iliyopindapinda kama ubongo, na ndani ya chokaa vijipande vyeusi vidogo kuliko punje ya mtama. Hayo ni makaa. Chokaa ya pwani ilichomwa kwa kupanga magogo duara na kurundika matumbawe juu yake, na kuni zilizokwisha kuungua ziliingia kwenye chokaa pamoja na mawe. Mimi hapo hukaa muda mrefu kuliko ninavyopanga.

Nyufa pia zinajieleza. Ufa wenye kingo kali na vumbi jeupe ni mpya. Wenye kingo za mviringo na kuvu ni wa siku nyingi. Palipozibwa kwa saruji, mara nyingi tumbawe linalozunguka kiraka linamomonyoka wakati kiraka chenyewe kiko kizima. Saruji ni ngumu na haipumui, kwa hiyo unyevu wenye chumvi hutafuta njia kupitia jiwe, chumvi inaganda ndani ya vinyweleo vyake na kulipasua kidogo kidogo. Ndiyo maana magofu haya hutengenezwa kwa chokaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga uliooshwa kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi), na kufunikwa magunia mabichi isikauke haraka. Inaniuma kila nikiona kiraka cha saruji kwenye ukuta wa namna hii, kwa sababu aliyekiweka alidhani anasaidia.

Saa nne usiku tukashuka ufukweni, wawili chini na mmoja juu mwenye tochi, tukiwa tumevaa kofia. Upande wa bahari ndio ulioumia zaidi, mawimbi yameula kwa miaka mingi. Tafuta mahali ambapo mchanga umetoka chini ya jiwe na kuacha pango. Ingiza rula, piga picha, wala usiingize mkono. Usipite chini ya sehemu iliyoning'inia, hata kwa kuinama.

Kuanzia saa nane umande unaanguka. Lenzi inafunga ukungu na picha zinatoka zimefifia bila wewe kujua, kwa hiyo ifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kila picha, na kamera isiyotumika ikae ndani ya mfuko. Hewa yenye chumvi ikikaa juu yake hadi asubuhi, itabidi kuipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo cha maji baridi.

Alfajiri tulisimama pale pale, safari hii juu, maji yakiwa yamejaa. Tulingoja yasimame, kisha yalipoanza kurudi nyuma na kuacha mstari wa unyevu kwenye mawe, tukapima kutoka mstari huo hadi jiwe la kwanza lenye chokaa, tukaandika kipimo, tarehe na saa, tukaanza kukusanya vyandarua.