Joto limepungua, fukuto lipo palepale

Leo tarehe 16 Septemba, na huku Dubai ile amri ya mapumziko ya mchana imekwisha. Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, kazi za juani husimama kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa. Leo saa saba nimepita nyuma ya jengo letu nikawakuta mafundi wako juu, nyuso zimefungwa vitambaa, kazi inaendelea. Kwa sheria, kiangazi kimeondoka. Kwa shati langu, bado kabisa.

Simu ilionyesha nyuzi 38. Mwezi uliopita tulizoea kuona 42 na kuendelea, kwa hiyo ukitazama namba hiyo peke yake utasema tumepata nafuu. Na nafuu ipo, siikatai: ukuta wa upande wa magharibi hauchomi tena jioni, na maji ya bombani hayaunguzi kama Julai. Ila katika miji ya namna hii namba ya joto ni mwongo mwenye adabu. Nimeacha kuifuata. Siku hizi naangalia kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipoa hadi kuzifikia, mvuke wake unaanza kugeuka maji. Leo alfajiri kilikuwa 28. Aliyezoea mahali pakavu hatashtuka akiisikia hiyo 28. Sisi tunaanza kutafuta taulo.

Asilimia ya unyevu nayo inawachanganya watu. Alfajiri wanasoma 90, mchana wanasoma chini ya 60, wanaambiana hewa imekauka. Haijakauka hata kidogo. Hewa yenye joto zaidi inaweza kubeba mvuke mwingi zaidi, basi mvuke uleule mchana unaonekana ni sehemu ndogo ya uwezo wake. Ngozi haijali asilimia. Jasho hupoza mwili linapokauka, si linapotoka, na hewa ikishashiba maji halina pa kwenda. Linabaki linateremka mgongoni bila faida yoyote. Kwenye pwani hiihii ya Ghuba, kule Dhahran nchini Saudi Arabia, tarehe 8 Julai 2003 kiwango cha umande kilipimwa kikafika 35. Hiyo ni sawa na joto la ngozi yenyewe. Kila nikiikumbuka namba hiyo naona 28 yetu ni zawadi.

Wa kulaumiwa ni bahari. Ghuba hii ina kina kifupi, wastani wake kama mita 35 tu, na imezungukwa na nchi kavu isipokuwa pale kwenye mlango mwembamba wa Hormuz. Kiangazi chote inapashwa moto, na maji hayapoi upesi kama mchanga. Septemba jua linaanza kuinama na usiku unarefuka, jangwa linapoa kila likichwa jua, lakini bahari bado ina nyuzi zaidi ya 30 na inaendelea kufuka mvuke. Ule upepo wa bahari wa alasiri, ambao kwingine watu wangeufungulia madirisha, hapa ndio unaotuletea fukuto mpaka sebuleni. Nikitoka ndani kwenye kiyoyozi, miwani inaingia ukungu papo hapo na nasimama mlangoni kama kipofu hadi ipate joto. Nimeshazoea, hata siifuti tena.

Wenyeji wa Ghuba walikuwa na hesabu yao kabla ya simu hizi. Mwishoni mwa Agosti nyota ya Suhail huanza kuonekana kusini kabla ya alfajiri, nayo ni ya pili kwa mng'ao katika nyota zote za usiku. Kuanzia hapo wanahesabu siku kumi kumi mwaka mzima. Mzee mmoja tunayesali naye aliniambia, "Mwanangu, Suhail akitoka usidhani joto limekufa. Limeanza kuugua tu." Hesabu hiyo naiona ina akili kuliko tarehe ya mwisho ya amri, kwa sababu inaiachia hewa nafasi ya kubadilika polepole. Nilipanda juu ya paa kuitafuta nyota yenyewe. Kwa hapa haipandi sana, inatambaa karibu na upeo wa macho, na huko chini kote kumejaa taa na utusitusi wa mvuke. Nilirudi na shingo inayouma.

Kinachonishangaza ni kwamba sehemu ngumu ya msimu huu ni usiku, na hauzungumzwi. Kaka ninayekaa naye chumba kimoja anapeleka mizigo kwa pikipiki hadi karibu saa saba za usiku. Anasema heri jua la mchana, maana mchana angalau nguo hukauka. Saa nne usiku joto lipo nyuzi 32, upepo umelala, kofia ngumu imelowa kwa ndani, na kila akisimama kwenye taa anajisikia anachemka. Tena usiku hauna amri ya mapumziko, wala Julai haukuwa nayo. Sheria inapima jua, na jua ndilo linaloonekana; unyevu hauna mtu wa kuunyooshea kidole.

Oktoba mambo yatageuka, najua. Usiku utapoa, na unyevu huohuo utaanza kushuka alfajiri kama ukungu kwenye barabara za nje ya mji, kaka aanze kulalamika kwamba haoni mbele. Kwa sasa ugomvi wetu ni kiyoyozi. Mimi nataka tuanze kukizima usiku, bili ipungue. Tumekubaliana kisizimwe mpaka kiwango cha umande kishuke chini ya 20. Baadaye amegeuka, anadai alisema 18.